Afya Nyumbani: Je, Ugonjwa wa Ufizi Hurithiwa?

Juma lililopita, katika kituo cha kupimia majani chai karibu na Litein, kijana mmoja alimlalamikia baba yake kwamba ufizi wake hutoka damu. Mzee akajibu, "Usihangaike, mwanangu. Babu yako aling'oka meno kabla ya kuota mvi, nami nimebakiwa na sita. Hili ni jambo la ukoo."

Mzee alisema nusu ya kweli.

Tangu 1970 hadi 1985, Profesa Harald Löe wa Norwe na wenzake waliwachunguza wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, na meno yao yalijaa ukoga. Hata hivyo, katika kila watu 100, wapata 8 waliharibikiwa upesi na ufizi na mfupa unaoshika meno, 81 polepole, na 11 hawakupita kuvimba ufizi tu. Ukoga ulikuwa ule ule, bali miili haikuupokea kwa namna moja.

Tena mwaka 2000, wataalamu wa Marekani walitoa habari za jozi 117 za mapacha. Waliona kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika ugonjwa huo mkubwa yatokana na urithi. Lakini kule kuvimba ufizi kwa kwanza, ambako ndiko mlango wa ugonjwa, hawakuona kuwa kunarithiwa, bali kulifuata mazoea ya mtu.

Basi, ndugu msomaji, aliyerithi shamba la mteremko halitupi. Huweka matuta mapema kuliko jirani yake. Vivyo hivyo, ambaye wazazi wake walipoteza meno mapema yampasa kupiga mswaki asubuhi na usiku, na kuacha tumbaku. Mwenye kisukari azidi kujiangalia. Ukoga ukiisha kuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauuwezi; hapana budi kwenda kwa daktari wa meno, Kericho au Longisa. Wala asingoje maumivu, kwani mara nyingi ugonjwa huu huenda kimya mpaka jino litikisike.

Nilipokwisha kueleza hayo kwa adabu, mzee aliniuliza kama meno yake sita yaweza kuokolewa. Nilimjibu kwamba daktari ndiye atakayejua, ila waende wote wawili.