Salamabila: Mshahara Uliisha, Mihogo Haikuwepo

Ndugu wakulima, siku hizi mikutano ya koperativi huku Kabambare na Kasongo inaishia kwenye swali moja: kampuni ya Namoya itafanya kazi kama zamani lini? Si swali baya. Kuna waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mshahara ule. Lakini mimi ningeuliza lingine kwanza: wafanyakazi wote wale walipokuwa hapa, chakula chao kilinunuliwa kwa nani?

Tukumbuke kidogo. SOMINKI iliundwa 1976, bei ya bati ikaporomoka 1985, na kampuni ikaenda ikidhoofika mpaka basi. Halafu Banro ya Kanada ikafungua Namoya, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016. Madeni yakailemea. Wachimbaji wadogo wakagombana nayo juu ya mashimo, Mai-Mai Malaika wakaingia kati, wafanyakazi wakatekwa, na Septemba 2019 ikasimamisha kazi. Hata miaka minne haikutimia!

Hapo ndipo shamba linatufundisha kitu. Mgodi ukishika moto, vijana wanashuka kwenye mashimo, kibarua wa kupalilia hapatikani, mpunga unamezwa na majani. Mama anabaki peke yake na jembe. Bei ya unga inapanda, na sisi tunaoitwa wakulima tunanunua unga sokoni kama wengine. Mshahara unaweza kukatika siku moja, lakini muhogo unataka mwaka au zaidi ndipo uvunwe. Mbaya zaidi, pasipo mtu wa kupanda, hata vijiti vya mbegu vinapotea, na vile vya kuomba kwa jirani mara nyingi vinakuja na ugonjwa wa mozaiki.

Wengine wanasema basi dhahabu ni laana, tuiache. Sikubali. Shimo linalipa haraka, na mtoto mgonjwa hangoji mavuno. Ninachokataa ni kuwa na mguu mmoja tu.

Tena sheria iko. Kodi mini ya 2018 inataka kampuni itoe walau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na isaini nao kaye de sharje. Kwenye redevansi, 15% ni ya shefri, sekta au komini husika. Mara nyingi tunakwenda kwenye meza ile kuomba mabati ya ofisi. Mabati! Tuombe barabara ya kutoa mpunga, ghala, na kifungu kinachosema chakula kitanunuliwa kwanza kwa koperativi za hapa.

Lakini mnunuzi mkubwa hafuati gunia mbili mbili nyumba kwa nyumba. Anataka uzito wa kweli, mchele usio na mawe, na mzigo ule ule kila mwezi. Bila mizani na daftari, hata kifungu kizuri kitawafaidi wafanyabiashara wa mbali.

Kwa hiyo kabla mvua za Septemba hazijashika, kila koperativi itenge shamba dogo la vijiti vya mihogo safi, ing'oe kila mche wenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano, na iandike nani kachukua vijiti vingapi. Atakayechukua arudishe kiasi kile kile baada ya kuvuna, hata kama siku hiyo yuko shimoni.