Ngozi Angavu ya Kulinda Rangi na Taa za Gari

Katika mji wa Kismayu gari halizeeki kwa wingi wa safari peke yake. Huzeeka hata likiwa limesimama. Kusi livumapo, tangu mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, huleta chumvi kutoka baharini na kuinua mchanga wa pwani, na vyote viwili hutua juu ya bati. Askari aliyetumwa kazini kwa miezi mitatu au minne hurejea nyumbani akakuta gari alilolinunua kwa akiba yake limefifia usoni kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu, na taa zake zimeingia ukungu.

Siku hizi husikika sana habari ya ngozi ya plastiki angavu, ibandikwayo juu ya rangi na juu ya taa, ambayo mafundi wa mijini huiita kwa herufi tatu tu, PPF. Wako waisifuo kama dawa ya kila ugonjwa. Yafaa basi tuitazame kwa makini: inafanya nini, haifanyi nini, na mwenye fedha kidogo aanzie wapi.

Asili yake imo katika mambo ya kijeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, katika miaka ya 1960, mapangaboi ya helikopta za Kimarekani yalikuwa yakiliwa na mchanga na vumbi kila zilipotua na kuruka. Kampuni ya 3M ikatengeneza utepe imara wa plastiki ya poliurethani, ubandikwe kwenye ukingo wa panga, ili upigwe na mchanga badala ya chuma. Baadaye utepe huo ulihamia kwenye magari ya mashindano, na kisha kwenye magari ya watu wa kawaida. Ule wa siku hizi ni mwangavu zaidi. Unene wake ni kiasi cha mikroni 150 hadi 200, yaani sehemu moja ya tano ya milimita au pungufu kidogo. Wembamba huo usimdanganye mtu. Plastiki hii haishindani na kokoto kwa ugumu, hunyumbuka. Ipigwapo hubonyea, ikaimeza nguvu ya pigo, kisha ikarudi mahali pake. Iliyo bora hufuta hata mikwaruzo yake midogo ikipata joto la jua, na jua si kitu tulichopungukiwa nacho.

Sasa tuangalie adui mwenyewe. Mchanga upeperushwao na upepo haupandi juu sana. Chembe nyingi hurukaruka karibu na ardhi, chini ya magoti ya mtu mzima. Ndiyo maana gari lililoegeshwa karibu na ufuko huchunika kwanza sehemu za chini za milango, bampa na pembe za madigadi, huku paa likibaki salama. Gari liendapo mambo hubadilika, kwa kuwa sasa ni gari lenyewe linaloukimbilia mchanga. Dereva aliyefuata lori katika njia ya vumbi iendayo Afmadow hadi Dhobley anajua jinsi magurudumu ya mbele yake yanavyorusha vijiwe, na kwamba vinapotua ni kwenye ukingo wa boneti, kwenye bampa na kwenye taa. Mwenye fedha ya kununua mita moja au mbili tu hana haja ya kulifunika gari zima. Aanze na taa. Kikibaki kipande, akiweke kwenye ukingo wa mbele wa boneti, na kingine nyuma ya magurudumu. Paa halihitaji.

Kuhusu chumvi, hapa ndipo watu wengi hupotoka. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, hata bati ambalo halikunyeshewa mvua hukaa majimaji usiku kucha. Rangi iliyo nzima huizuia. Lakini kijiwe kikichimba rangi hadi kwenye bati, chumvi hupata mlango, na kutu hutambaa chini ya rangi bila kuonekana mpaka siku malengelenge yatakapochomoza. Ngozi ya plastiki huzuia mlango huo usifunguliwe. Ikiwa mlango umekwisha funguliwa, plastiki ikabandikwa juu yake, basi mwenye gari ameifungia kutu ndani pamoja na chumvi na maji yake, na itaendelea kula kwa raha.

Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula, ambao chombo chao ni mashua wala si gari, wangecheka kuona jambo hilo. Chombo cha mbao hupakwa deheni chini, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kizuie wadudu watoboao mbao. Lakini hakipakwi mpaka kimepandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikaoshwa na kukauka. Hakuna nahodha anayepaka deheni juu ya chaza na mwani. Na kila baada ya muda huikwangua ile ya zamani akapaka mpya, kwa sababu deheni imewekwa pale ili iliwe yenyewe, ubao upone. Plastiki ya gari ni vivyo hivyo: ni kitu cha kuchakaa badala ya kingine.

Jambo la tatu ni kwamba ngozi hii haifiki uvunguni, na uvungu ndio unaoliwa zaidi katika pwani. Chasi, mabomba ya breki, springi na matundu ya ndani ya milango havilindwi na plastiki yoyote. Hivyo vyataka maji matamu na grisi. Wazee husimulia kwamba jina la Kismayu limetokana na kisima cha juu, kisima iu kwa Kibajuni. Sijui kama waliochimba kisima hicho walikuwa na haja gani zaidi ya kunywa, lakini mwenye gari angefanya vyema kukikumbuka, maana maji ya visima vilivyo karibu na ufuko aghalabu huwa na chumvi, na kuoshea gari maji ya chumvi ni kuongeza ulichotaka kuondoa. Njia rahisi ya kuyapima ni kuyaonja. Ndoo mbili za maji matamu zirushwazo chini ya gari kila juma zina faida kuliko mita kumi za plastiki juu ya boneti.

Tuje kwenye taa, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili fedha kabla ya urembo wa rangi. Taa za Land Rover za zamani zilikuwa za kioo. Mchanga uliweza kuzikwaruza, lakini jua halikuzigeuza manjano. Magari mengi tangu miaka ya 1980 na 1990 yamewekewa taa za plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Haivunjiki upesi, lakini mionzi ya jua huiharibu, na kwa hiyo kiwandani hupakwa vanishi nyembamba ya kuikinga. Vanishi hiyo ikishachunwa na mchanga, taa hugeuka manjano, kisha huingia ukungu. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa namna hiyo, kikaona kwamba zingine zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali saa nane za usiku katika barabara isiyo na taa, na mbuzi wamelala katikati ya njia.

Wengi husugua taa kwa dawa ya meno, nazo hung'aa kweli. Furaha hiyo haidumu, kwa sababu msuguo umeondoa hata ile vanishi kidogo iliyosalia, na jua sasa linapiga plastiki tupu. Baada ya miezi michache manjano hurudi, tena upesi kuliko mwanzo. Mwenye kusugua hana budi kufunika siku ile ile, ama kwa vanishi mpya ifaayo au kwa ngozi angavu yenye kuzuia mionzi. Na ngozi ikigeuka manjano baada ya miaka kadhaa, hubanduliwa ikatupwa, taa ikabaki nzima. Zile za rangi ya moshi, ya bluu au ya manjano ambazo vijana huzipenda ziachwe dukani; hupunguza mwanga, na askari wa usalama barabarani atakayelisimamisha gari hilo atakuwa na haki. Kadhalika plastiki haiwezi kurekebisha taa zilizoelekezwa vibaya: Somalia huendeshwa kulia, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi ziendeshazo kushoto huinua mwanga wake upande wa kushoto, likamchoma macho anayekuja mbele. Hilo ni la fundi.

Kubandika kwenyewe hakutaki haraka. Chagua mahali penye kivuli na kuta, alfajiri kabla upepo haujaamka, kwani chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya plastiki haitoki tena. Osha kwa sabuni na maji matamu, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Chora umbo la taa kwenye karatasi ya gazeti (hili laweza kufaa, likishasomwa) na ukate plastiki juu ya meza, usiikate juu ya gari, maana wembe haujui plastiki inaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Nyunyiza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto juu ya taa na juu ya gundi, ili plastiki iteleze upate kuisogeza. Ikikaa sawa, sukuma maji kwa kipande cha mpira laini kutoka katikati kwenda pembeni. Vipovu vidogo vya maji vitakauka vyenyewe baada ya siku chache. Visichomwe kwa sindano. Gari lisioshwe kwa nguvu kwa muda wa juma moja hivi.

Mtu asiibandike juu ya rangi mpya ya gereji kabla haijakauka hadi ndani, na hiyo yaweza kuchukua mwezi mzima. Wala juu ya rangi iliyopakwa vibaya, kwani siku ya kubandua itatoka nayo. Utepe wa kufungia mizigo haufai kabisa. Plastiki rahisi za vinili hupasuka kwa jua na gundi yake huganda kama lami. Ipo pia ile plastiki nyeupe inayokuja na gari jipya likiwa melini: hiyo ni ya safari ya bahari tu, lakini wako waiachao mwaka mzima pamoja na mifuko ya viti, ili majirani wajue.

Neno kwa mama na vijana wanaobaki na gari wakati baba yuko lindoni. Msilifunike kwa turubai uwanjani penye upepo. Mchanga huingia chini yake, na turubai likipigapiga usiku kucha huwa kama msasa mikononi mwa fundi asiyechoka. Heri liegeshwe nyuma ya ukuta, upande usiopigwa na kusi. Na likija kaskazi, mwezi wa Desemba, lihamishwe upande wa pili. Vumbi lisifutwe kwa kitambaa kikavu. Limwagiwe maji kwanza, mchanga uteremke, ndipo sabuni ifuate.

Kingo za plastiki zitazamwe kila mnapoosha. Zikianza kuinuka na kushika uchafu mweusi, bado mnaweza kuzipangusa kwa spiriti na kuzikandamiza zingali na joto la jua. Zikishakatika na kugeuka ngumu, wakati umefika wa kuibandua: ipashwe joto kwa maji ya moto au kwa jua la adhuhuri, kisha ivutwe polepole, ikilazwa karibu na bati bila kunyanyuliwa juu, na gundi itakayosalia ifutwe kwa spiriti kabla ya kubandika nyingine.