Tuandike Fono za Wazee Mbele ya Kuziuza



Fono ya manivele inaweza kulala chini ya kitanda cha mzee wa reli miaka makumi, pasipo mutu kuiuliza neno. Siku moja mutu wa feza anapita, inaenda. Mimi sikatazi kuuza. Minerval ya shule lazima itoke fasi fulani. Ninakataa kuuza kitu kisichoandikwa.

Wengine wanasema: «Fono ni fono tu!» Hapana. Mashine ya Edison ya 1877 iliandika sauti juu ya silinda. Diski bapa ililetwa na Berliner kwa 1887. Tena diski zenyewe hazifanani. Zile za zamani za Pathé, za Ufaransa, mufereji wao unapanda na kushuka, na nyingi zinaanzia katikati kwenda inje. Zinataka jiwe la safiri. Ukitia sindano ya chuma, unakwangua sauti yenyewe.

Basi tuandike nini? Jina la fakitere na nimero, ndiyo. Lakini zaidi tuangalie kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano. Ile fono ya sanduku ya His Master's Voice, aina ya 102, ilianza 1931. Kichwa chake kikiwa nimero 16, ni ya kwanza-kwanza; kikiwa 5A ao 5B, ni ya nyuma, isipokuwa kama mutu alikibadilisha. Picha ya mbwa haitoshi, kwa maana kuko za uongo zilizotengenezwa India, na tarumbeta ya shaba inayong'aa kupita zote.

Tuandike vilevile kazi ya fundi wetu: resore iliyounganishwa, mufuniko wa mbao ya mulombwa. Wanunuzi wa Ulaya wanaita hiyo uharibifu. Kwangu ni historia ya Kamina, na ndiyo ningependa kusoma mbele ya yote. Na tafazali, musisugue, musipake rangi, musifungue nyumba ya resore: chuma kile kimekazwa, kinakata vidole.

Diski nazo zisiachwe. Kwa 1952 Hugh Tracey alizunguka Katanga akikamata sauti. Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alikuta Mwenda Jean Bosco na gitaa yake, na «Masanga» ikatoka. Nyimbo za Waluba pia alizikamata, 1952 na 1957. Diski kama zile zinazunguka mara 78 kwa dakika, na upande moja unaisha kwa dakika tatu hivi. Nimero iliyochorwa ndani, karibu na karatasi ya katikati, inaweza kutambulisha wimbo hata karatasi ikichanika. Mutoto anayeweza kusoma nimero ya simu anaweza kusoma na ile.

Ninaomba biblioteke yetu ifungue kaye moja: ukurasa moja kwa kila fono, foto ya telefone, jina la aina, nimero, na maneno ya mwenyewe juu ya namna ilivyofika kwake. Kaye ikae shuleni. Fono ibaki kwa mwenyewe, auze ao asiuze.

Ningeanza na zile za karatasi ngumu za Gospel Recordings, zilizozungushwa na mukono pasipo umeme wala resore. Zile hakuna mutu anakuja kununua. Zinawashiwa moto.