MELI MOJA, MADARAJA MATATU

Wako wenzetu, hapa Didia na Shinyanga nzima, wasemao kwamba kila Mhindi aliyevuka bahari kuja nchi hizi alishuka na mfuko wa rupia. Twasema wazi: si kweli. Na chama cha wanyonge hakiwezi kusimama juu ya maneno yasiyo kweli.

Tazameni safari zenyewe. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Mombasa zaidi ya watu 31,000 kutoka Bara Hindi, wajenge reli ya kwenda Uganda. Nauli walilipiwa, lakini bei yake ilikuwa mkataba wa miaka mitatu ya kazi ngumu. Wapatao 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao.

Wenye maduka walikuja kwa njia nyingine: kwanza kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, baadaye kwa meli za kampuni ya British India. Katika meli kama Karanja na Kampala, zilizofanya safari baina ya Bombay na Afrika Mashariki hadi miaka ya 1970, daraja la kwanza lilichukua makumi ya watu, nao walikuwa na vyumba na meza ya kuandaliwa. Chini yao mamia walibanana katika daraja la mwisho, kila mtu na tandiko lake. Kijana asiye na nauli alilipiwa na tajiri mwenye duka, kisha akamtumikia miaka mpaka deni liishe. Bahari ni ile ile, meli ni ile ile; fedha ndiyo iliyoamua nani alale wapi, nani ashuke bwana, na nani ashuke mtumwa wa deni.

Mkulima wa Usukumani hakumwona yule wa daraja la mwisho. Alimwona mwenye mizani ya pamba. Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini dawa haikuwa kuchukia rangi. Dawa ilikuwa ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Ndugu Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na mkulima akaishika mizani mwenyewe. Mwaka 1963 TANU ikafungua mlango kwa raia wa rangi zote. Mizani ilibadili mikono, wala hakuna mtu aliyetupwa baharini.

Lakini ubaya wa madaraja haukuondoka na Mwingereza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli ya umma, ilizama karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Abiria wa vyumbani walikuwa na orodha ya majina. Wale wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Hapo hakuna mgeni wa kumlaumu. Ni sisi wenyewe tuliowahesabu wenye nacho, tukawaacha wengine bila jina.

Na leo je? Kijana wetu hulipiwa nauli na tajiri aende machimboni Geita. Binti yetu hulipiwa tikiti ya ndege aende kufanya kazi za ndani Oman, na akitaka kurudi kabla ya muda huambiwa alipe kwanza gharama za kumleta. Ndiyo nauli ile ile ya Bombay, imebadili chombo tu.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi: asiondoke mtu kijijini kwa nauli ya mwingine kabla mkataba haujasomwa mbele ya wazazi wake, kwa lugha anayoijua, na jina lake kuandikwa tawini pamoja na la anayemchukua. Wanachama nao waulize, wasione haya. Nauli ya mnyonge isigeuzwe mnyororo, awe Mhindi wa jana au Msukuma wa leo.

Uhuru na Umoja!