Mtoto hajaja: Mbona anaulizwa mke tu?

Kwenye filamu ya Kitanzania Binti (2021) ya Seko Shamte, Stella anatamani mtoto na hampati. Bongo Movie nyingi zingemleta mama mkwe mwenye maneno, kisha mganga. Shamte hadithi anamwachia Stella mwenyewe, na hayo ni mabadiliko.

Ila mtaani mke ndiye bado anayezungushwa hospitali. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba maishani, wake kwa waume. Kupima mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke, lakini jamaa wengi hawataki hata kusikia! Filamu ya mume aliyekaa foleni ya maabara bado tunaisubiri.