Kaunti ya Kwale, anzeni na mita zenu!

Leo naweka kando mambo ya seva na programu. Kuna jambo linanikereketa, na kwa kuwa kiini chake ni data, hatujatoka nje ya blogu hii.

Kila inapozungumzwa habari ya kuokoa stima huku Pwani Kusini, anayehubiriwa ni mwananchi. Zima taa. Nunua balbu ya LED. Usiache friji wazi. Maneno mazuri, na hesabu yake ni ya kweli. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 inakula uniti 1.35. Nyumba ya Ukunda yenye balbu tatu ikibadilisha zote inaokoa karibu uniti 23. Tena bei zilizoanza Aprili 2023 zilimweka katika daraja la chini kabisa mtu anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kwa hiyo balbu tatu tu zaweza kumshusha mtu daraja.

Naam, mwananchi kasikia. Lakini huyu anayehubiri, mita yake nani kaiona?

Tukumbushane sheria kwanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa nishati. Sheria ya Nishati ya 2019 ikaja kutilia mkazo: kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kwa hiyo ile hadithi ya "hayo ni mambo ya Nairobi" tuiache. Kuokoa nishati Kwale ni kazi ya Kwale, na manispaa ya Diani imo ndani.

Kisha kuna Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012. Ziliweka mstari: anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, kisha atekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Uniti 180,000 ni 15,000 kwa mwezi. Ukisikia hivyo unafikiria hoteli kubwa za Diani, zenye AC kila chumba, pampu za bwawa na dobi. Sawa. Lakini kanuni hazikuwekwa kwa ajili ya hoteli na viwanda pekee, taasisi nazo zilitajwa. Hospitali yenye chumba cha upasuaji, majokofu na mashine za kufulia inaweza kufika hapo vilevile. Pampu za maji pia.

Sasa basi, hoja yangu ni moja. Kabla kaunti haijamwambia mwenye duka wa Msambweni abadilishe friji, ichapishe matumizi yake yenyewe ya stima. Kila jengo, kila pampu, kila nguzo ya mulika mwizi. Kwa uniti, mwezi kwa mwezi, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma.

Mtaniambia bajeti ipo, tena ni ya wazi. Ndiyo, ipo. Katika mpangilio wa hesabu za serikali, stima ina namba yake, 2210101, chini ya huduma za maji na umeme. Shida ni kwamba namba hiyo inakupa shilingi. Shilingi si uniti! Bili ya stima ina gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni, na hivyo hubadilika kila mwezi. Ofisi inaweza kupunguza matumizi na bili ikapanda. Inaweza pia kufuja na bili ikashuka, kisha mkubwa akapiga picha akisema ameokoa. Kwa shilingi peke yake huwezi kujua lipi ni lipi. Sisi waandika programu tunalijua hili vizuri: ukipima kitu kisicho chenyewe, utarekebisha kisichoharibika.

Chukua mfano wa maji. Visima vya Tiwi vinatoa maji kwa pampu za umeme. Ripoti za WASREB kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba, nchini kote, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti malipo. Sehemu kubwa ya hayo huvuja njiani. Kila ndoo inayovuja baada ya kupampuliwa imevuja pamoja na stima yake. Kwa hiyo fundi wa kuziba mabomba ni mtu wa kuokoa nishati kuliko warsha kumi. Lakini huwezi kumtetea kwenye bajeti kama huna uniti za pampu upande mmoja na maji yaliyofika upande wa pili.

"Tutaweka sola." Wekeni, jua la Kwale halina deni. Ila ukiweka sola juu ya mfumo unaovuja, utanunua paneli nyingi zaidi ili kulisha uvujaji. Ziba kwanza, kisha nunua.

"Hatuna fedha za mita za kisasa." Nani amewaomba? Bili mnazo tayari, zimelala kwenye mafaili. Na hapa nawaonya kama mtu wa fani hii: mkisikia mshauri anataka mamilioni awajengee mfumo wa nishati wenye app na ramani inayomeremeta, mfungeni mlango. Kinachotakiwa ni jedwali moja. Safu tano: jina la jengo, namba ya mita, mwezi, uniti, ukubwa wa jengo kwa mita za mraba. Karani mmoja anaweza kulijaza kwa Excel. Safu ile ya mwisho ndiyo inayowezesha kulinganisha zahanati na zahanati, ofisi na ofisi.

Wengine wameshafanya. New York ilipitisha sheria mwaka 2009 ikiwataka wenye majengo makubwa kutoa takwimu za nishati na maji kila mwaka, na majengo ya jiji lenyewe yakawamo. Takwimu zinachapishwa, na yeyote anaweza kuzipakua. Afrika Kusini mwaka 2020 ilitoa kanuni kwamba majengo fulani, ya serikali kwa ya watu binafsi, yapate cheti cha matumizi ya nishati na kukibandika mlangoni. Tena kwa majengo ya serikali kipimo kilikuwa kikali zaidi: kuanzia mita za mraba 1,000, wakati ya binafsi yalianzia 2,000. Serikali ilijibana kwanza. Huo ndio uungwana.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Stima ya kaunti ni mali yetu. Kodi ya mama anayeuza samosa Ukunda ndiyo inayolipia AC inayopuliza ofisi tupu siku ya Jumapili. Yeye akimaliza tokeni, giza linamfundisha hapo hapo. Ofisi haina wa kuifundisha, kwa sababu anayewasha siye anayelipa.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Mimi barua yangu naandika. Wewe uliye Kinango, Lunga Lunga au Msambweni, andika yako, omba uniti za zahanati iliyo karibu nawe. Zikitoka, hata kama ni karatasi zilizopigwa picha kwa simu, nitaziingiza kwenye jedwali na kuchora grafu bure bilashi.

Na zisipotoka, msituhubirie tena habari za balbu.