Roboti Shimoni: Neno kwa Wazazi wa Wanafunzi wa Uhandisi



Kila mwaka, majina ya vijana waliopata nafasi katika vyuo vikuu yanapotangazwa, hutujia wazazi wenye furaha iliyochanganyika na mashaka. Mtoto amechaguliwa kusoma uhandisi, pengine hapa jirani katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pengine Dar es Salaam, na katika orodha ya masomo yake mzazi ameliona neno linalomnyima usingizi: roboti. Mzazi aliyeuza viroba vya mawe ya dhahabu ili apate ada anayo haki ya kuuliza. Roboti zitamlisha nini mwanangu, na hapa Makongolosi zina kazi gani? Wapo wanaomshauri kijana abadili kozi kabla juma la kwanza halijaisha, atafute fani yenye ajira ya haraka. Sisi hatukubaliani na ushauri huo, na juma hili tunapenda kueleza kwa nini.

Hatuzungumzii masanamu ya chuma yanayopunga mkono katika viwanja vya maonyesho huku watu wakipiga picha. Tunazungumzia roboti inayojiendesha, yaani mashine inayotoka hapa kwenda pale bila mtu kushika usukani, ikajua ilipo na kukwepa kilicho mbele yake.

Mwezi Julai 2002, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wachimbaji walitoboa ukuta wakakutana na mgodi wa zamani uliotelekezwa na kujaa maji. Maji yaliwamiminikia. Tisa walikimbia wakatoka. Tisa wengine walinaswa chini kwa zaidi ya saa 77, wakaokolewa wote wakiwa hai. Watu hao hawakuwa wazembe. Ramani waliyoitegemea iliwaonyesha kwamba mgodi wa zamani uko mbali nao kuliko ulivyokuwa kwa kweli.

Katika jimbo hilohilo kipo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambacho tangu mwaka 2011 kina tawi Kigali, kwa majirani zetu wa Rwanda. Watafiti na wanafunzi wa chuo hicho walitengeneza roboti waliyoiita Groundhog, na tarehe 30 Mei 2003 wakaiingiza peke yake katika mgodi uliotelekezwa wa Mathies. Ilitembea gizani takriban mita 300, ikipima kuta kwa mwanga wa leza na kuchora ramani ya inakopita, hadi ilipokuta chuma cha dari kimevunjika na kuziba njia. Hapo iliamua yenyewe kurudi nyuma. Hakuna mama aliyelia siku ile, kwa kuwa aliyetangulia mahali pa hatari hakuwa mtoto wa mtu.

Sasa tuitazame Chunya yetu. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huku kutoka pande zote. Mashimo ya zamani hayakuondoka na waliyoyachimba. Mengine yamefunikwa na vichaka, mengine yamejaa maji ya mvua. Mchimbaji mdogo anayeshuka leo kwenye duara lake hana ramani ya shimo alilochimba babu wa jirani yake. Masika yakianza, sote tunajua habari zinazotufikia: kifusi, hewa chafu, maji. Anayesema roboti hazina kazi Makongolosi amewaza barabara za lami za miji mikubwa, akasahau yaliyo chini ya miguu yake.

Na hapa ndipo masomo ya misingi yanapopata uzito wake. Tukiyaweka maneno ya darasani katika lugha ya nyumbani, roboti sharti ione, ijue ilipo, ichague njia, kisha itende. Halafu irudie tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ugumu mkubwa uko katika hilo la pili. Juu ya ardhi, simu ya mkononi hutuambia tulipo kwa msaada wa satelaiti. Shimoni mawimbi ya satelaiti hayafiki. Roboti basi huanza kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20 likizunguka mara 10 limekwenda takriban mita 6 na sentimita 28, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Lakini tope huteleza, na gurudumu moja huchakaa kuliko jingine. Roboti ikikosea mwelekeo wake kwa nyuzi 1 tu, ikaenda mita 100, itakuwa imetoka nje ya mstari wake kwa takriban mita 1 na sentimita 75, hali yenyewe ikidhani imo katikati ya njia. Katika njia ya chini yenye upana wa mita 2, imekwisha kuugonga ukuta siku nyingi.

Kosa dogo huzaa kosa lingine, na gurudumu halina namna ya kujisahihisha. Mchimbaji ambaye taa yake imezimika hufanyaje? Huhesabu hatua, lakini pia hupapasa ukuta, akitafuta ile kona aliyoipita na lile timba lililopinda. Roboti nayo hufundishwa hivyo. Haisemi, "Nipo hapa." Husema kwamba kuna uwezekano mkubwa ipo hapa, na uwezekano mdogo ipo pale, kisha kila inapopima ukuta kwa leza au kwa sauti huyapanga upya makisio yake, likapata nguvu lile linalolingana na kinachoonekana. Mzizi wa hesabu hiyo uko katika andiko la Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza, lililochapishwa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. (Tunalitaja kwa furaha, maana wapo wanaodhani watu wa madhabahu na hesabu hawaivi chungu kimoja.) Mwaka 1960 Rudolf Kalman alitoa njia ya kukokotoa makisio ya namna hiyo haraka kwa kompyuta, nayo hutumika hadi leo.

Hayo ndiyo tunayoyaita misingi: uwezekano, jometri, umeme, na uandishi wa programu. Hayapendezi kwenye picha. Kijana anaweza kununua kisanduku chenye vipande tayari, akafuata maelekezo, na jioni kigari kikatembea sebuleni, tunampongeza. Lakini kigari hicho kikipotea, hatajua kwa nini kimepotea, na mashine inayopotea chini ya ardhi bila mtu wa kueleza sababu haina faida kwa mwenye duara. Kwa upande mwingine, tunasikitika tukisikia kwamba mahali fulani mwanafunzi humaliza somo zima la roboti kwa chaki na ubao, bila kugusa mota hata moja. Hilo halina udhuru tena. Tangu mwaka 2005 ipo bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Arduino, iliyobuniwa Italia kwa ajili ya wanafunzi wasio na fedha nyingi. Ukiongeza mota mbili, betri, na kihisi cha kupima umbali kwa sauti, darasa limepata roboti ya kujifunzia. Itateleza na kugonga kuta, na hapo ndipo ile hesabu ya nyuzi 1 huacha kuwa hadithi. Wenzetu wa Kenya, katika vyuo vikuu vya Jomo Kenyatta na Dedan Kimathi, wana shahada kamili ya mekatroniki, fani inayounganisha mitambo, umeme na kompyuta.

Ipo hofu nyingine ambayo wazazi huitamka kwa sauti ya chini, nayo tunaiheshimu kuliko ile ya ada. Je, mtoto wetu hatakwenda kusomea namna ya kumnyang'anya baba yake kazi? Tusidanganyane. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, Haut-Uele, mashariki mwa Kongo, mitambo ya kupakia mawe hujiendesha chini ya ardhi, na mtu mmoja aliyeketi juu ameweza kusimamia hadi mitano kwa pamoja. Habari hiyo ilikwisha kutangazwa mwaka 2018. Mgodi huo hauko Australia, uko kwa majirani zetu. Baba Mtakatifu Leo wa XIV, tarehe 10 Mei 2025, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo wa XIII, aliyeandika juu ya wafanyakazi katika Rerum Novarum mwaka 1891, kwa kuwa akili mnemba imeleta tena maswali yaleyale ya heshima ya mtu, haki na kazi.

Jibu letu kwa mzazi huyo ni hili. Mashine za Kibali hazikungoja idhini ya mtu wa Makongolosi, na zile zitakazofika Chunya hazitaingoja. Linaloweza kubadilika ni nani atakayekuwapo mezani siku zitakapojadiliwa. Akiwapo mtoto wa mchimbaji anayejua mashine inaweza nini na inashindwa wapi, ataweza kusema kwamba roboti ya kwanza iwe ile inayoshuka baada ya baruti na baada ya mvua, ikapime hewa na kutazama matimba, kabla ya ile inayochukua nafasi ya msukuma toroli. Asipokuwapo, uamuzi utafanywa na muuzaji wa mashine, naye ana sababu zake.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wasiwaondoe watoto katika masomo hayo, na walio na watoto kidato cha tatu na cha nne wasiwaruhusu kulikimbia somo la hisabati kwa kisingizio kwamba halina kazi machimboni. Kwa vijana wenyewe walioko vyuoni tuna ombi moja la ziada. Mtakaporudi likizo, waendeeni wazee wetu waliofanya kazi katika maduara ya zamani. Kaeni nao na daftari, mwaulize kila shimo lilikuwa wapi, lilielekea upande gani, na lilifika hatua ngapi kabla ya kufungwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna leza itakayopima yale yaliyomo kichwani mwao.